Valentino ni ya nani leo, na ilianzaje?

Msomaji wetu mmoja, fundi wa magauni ya harusi, ametuandikia hivi: "Nasikia Valentino, ile nyumba ya mitindo ya Italia, sasa ni mali ya Waarabu wa Qatar, na kwamba mwenye jina aliacha kazi miaka mingi iliyopita. Naomba kueleweshwa historia yake tangu mwanzo. Je, gauni linalotoka leo na jina lile lina uhusiano gani na aliyeianzisha? Na mikoba ya bei nafuu iliyoandikwa 'Valentino by Mario Valentino' inatoka nyumba hiyohiyo?"

Ndugu fundi, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na gumu ni lile la katikati. Kuhusu umiliki, uliyoyasikia ni kweli ila hayajakamilika, kwa sababu tangu mwaka 2023 Wafaransa nao wana sehemu yao. Kuhusu mikoba, jibu ni hapana, na sababu zake nitazieleza mwishoni. Lakini ili kujua gauni la leo linahusianaje na mwanzilishi, inabidi tutenganishe historia mbili ambazo magazeti ya biashara huzichanganya: historia ya wenye hisa na historia ya chumba cha kushonea. Hisa zimepita mikono mingi, tena kwa haraka. Chumba cha kushonea hakijawahi kutoka eneo la Piazza di Spagna mjini Roma, na kwa maoni yangu humo ndimo nyumba hii ilimo hasa.

Valentino Garavani alizaliwa tarehe 11 Mei 1932 huko Voghera, mji mdogo wa jimbo la Lombardia, kaskazini mwa Italia. Jina alilipata kutokana na mapenzi ya mama yake kwa Rudolph Valentino, mwigizaji wa filamu za zama zisizo na sauti. Kazi ya kitambaa aliionja kwanza palepale mjini kwao, kwa jamaa yake aitwaye Rosa na kwa mshonaji Ernestina Salvadeo, kisha akasoma Milano. Alipofika umri wa miaka 17 aliomba ruhusa ya wazazi wake aende Paris. Huko alisoma katika shule ya chama cha wabunifu wa mavazi ya hali ya juu, akaajiriwa na Jean Dessès, Mgiriki mzaliwa wa Aleksandria ya Misri aliyesifika kwa kulaza shifoni mwilini kwa mikunjo midogomidogo, na baadaye akahamia kwa Guy Laroche, ambaye naye alikuwa msaidizi wa Dessès kabla ya kufungua nyumba yake mwenyewe. Ukitazama magauni ya Valentino ya miaka iliyofuata, mikunjo ya Dessès utaiona waziwazi.

Safari ya Paris haikuwa anasa ya kijana. Katika miaka hiyo washonaji wengi wakubwa wa Italia walikuwa wakinunua vielelezo vya Paris na kuvinakili kwa ajili ya wateja wao, na mavazi ya Italia hayakuwa na soko lake nje ya nchi. Aliyeanza kubadili hali hiyo ni mfanyabiashara wa Firenze, Giovanni Battista Giorgini, ambaye tarehe 12 Februari 1951 aliwaalika nyumbani kwake wanunuzi wachache wa maduka makubwa ya Amerika Kaskazini, mara tu baada ya maonyesho ya Paris kumalizika, ili wayaone mavazi ya Kiitalia yasiyonakiliwa kutoka kwa yeyote. Jambo lile lilikua haraka, na kufikia mwaka 1952 maonyesho yalikuwa yakifanyika katika Ukumbi Mweupe wa kasri la Pitti. Roma nayo ilikuwa na mambo yake. Wamarekani walikuwa wakipiga filamu katika studio za Cinecittà, na waigizaji wao walihitaji magauni. Harusi ya Linda Christian na Tyrone Power, iliyofungwa Roma mwaka 1949, ndiyo iliyolitangaza duniani jina la akina dada Fontana walioshona gauni la bibi harusi. Kwa hiyo Valentino aliporudi Italia alikuta soko limeshafunguliwa na wenzake. Hilo halimpunguzii sifa, ila wasifu mwingi humweleza kana kwamba aliikuta Roma tupu, na haikuwa hivyo.

Mwaka 1959, kwa msaada wa fedha za wazazi wake, alifungua chumba cha mitindo katika Via Condotti, mtaa wa maduka ya kifahari. Katika mavazi ya mwaka huo lilikuwemo gauni fupi la neti nyekundu, lisilo na mikono wala mabega, lililoitwa Fiesta, na hapo ndipo nyekundu yake ilipoanzia. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba akiwa kijana alikwenda Barcelona kutazama opera, akawaona wanawake waliovaa nyekundu ukumbini, na tangu siku hiyo akaamini kwamba hakuna rangi inayompendeza mwanamke zaidi baada ya nyeupe na nyeusi. Simulizi za namna hii wabunifu wanazo nyingi na si zote za kuaminiwa. Hata hivyo, hii inaungwa mkono na kazi, kwa maana karibu kila mkusanyiko wake wa miaka iliyofuata ulikuwa na gauni jekundu.

Kipaji chake hakikuweza kulipa kodi ya pango. Alinunua vitambaa kama mtu mwenye hazina isiyoisha, na biashara ikakaribia kufilisika. Tarehe 31 Julai 1960, kwenye mkahawa wa Café de Paris katika Via Veneto, alikutana na Giancarlo Giammetti, mwanafunzi wa usanifu wa majengo. Giammetti aliacha masomo akashika hesabu, mikataba, matangazo na maamuzi yote ambayo Valentino hakupenda kuyasikia. Walikuwa wapenzi kwa miaka kadhaa. Mapenzi yalipokwisha, ushirika wa kazi uliendelea hadi mwisho. Watu wa biashara ya mitindo humtaja Giammetti kwa heshima kubwa kuliko anavyotajwa nje ya biashara hiyo, na wana haki. Bila yeye, jina la Valentino lingebaki katika orodha ya mafundi hodari wa Roma waliosahaulika.

Julai 1962 walipata nafasi ya kuonyesha mavazi katika kasri la Pitti, nayo ilikuwa nafasi mbaya kuliko zote: saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wakati wanunuzi wanafunga mizigo. Wanunuzi walibaki, wakaagiza. Kabla ya hapo Elizabeth Taylor, aliyekuwa Roma kupiga filamu ya Cleopatra, alikuwa ameshavaa gauni jeupe la Valentino kwenye onyesho la kwanza la filamu ya Spartacus mjini humo, na picha zake zilizunguka dunia. Mteja aliyemfungulia mlango wa Marekani ni Jacqueline Kennedy, mjane wa Rais John F. Kennedy. Mwaka 1964, akiwa bado katika maombolezo ya mumewe, aliagiza magauni sita, yote ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Valentino alionyesha mkusanyiko mweupe mtupu, wakati wenzake walikuwa wakishindana kwa rangi kali na michoro ya kuchanganya macho, na Oktoba mwaka huohuo Jacqueline aliolewa na Aristotle Onassis katika kisiwa cha Skorpios akiwa amevaa gauni fupi la lesi kutoka kwake. Baada ya hapo maagizo ya gauni la namna ile yalimiminika.

Sasa tuingie chumba cha kushonea, kwa kuwa wewe ni fundi. Gauni la alta moda, yaani la mavazi ya hali ya juu, hushonwa kwa kipimo cha mteja mmoja. Mbunifu huchora, kisha mchoro hupewa mwanamke mkuu wa chumba, ambaye kazi yake ngumu kuliko zote ni kuugeuza mchoro kuwa umbo la kitambaa. Yeye huanza na merikani nyeupe, akaipachika kwa pini kwenye sanamu lililojazwa pamba mpaka likalingana na mwili wa mteja, akaweka alama, akakata, akapiga bandi, akafumua na kurudia. Hariri haiguswi na mkasi mpaka merikani imekubali. Baada ya hapo mteja hupimishwa zaidi ya mara moja, na karibu kazi yote hufanywa kwa sindano ya mkono, pamoja na ile ambayo macho hayataiona kamwe, yaani bitana, vijiti vya kukaza kiuno, na pindo linaloviringishwa kwa vidole kabla ya kushonwa. Upo ufundi wao mmoja uitwao budellini ambao ningependa kila fundi aujue: vipande virefu vyembamba vya hariri huzungushwa juu ya uzi mnene wa sufu na kushonwa kwa mkono vikawa mirija laini, halafu mirija hiyo huunganishwa ubavu kwa ubavu hadi ikawa kitambaa kamili chenye uzito wake na mwendo wake. Hakuna cherehani ya kufanya hivyo. Kazi hizi zilishikwa na wanawake waliovaa makoti meupe, wengi wao wakiwa wameingia wakiwa wasichana na kukaa humo hadi kustaafu, wakifundishana mezani.

Magauni hayo, hata hivyo, hayawezi peke yake kuilisha nyumba. Wateja wa alta moda ni wachache duniani kote, na kazi ya gauni moja hula muda mrefu. Ndiyo maana Giammetti alianza mapema kuuza nguo zilizoshonwa tayari: maduka yalifunguliwa Paris na Milano mwishoni mwa miaka ya 1960, maonyesho ya nguo hizo yakahamia Paris mwaka 1975, manukato yakatoka 1978, na leseni, yaani ruhusa kwa wengine kutumia jina hilo kwenye miwani, viatu na bidhaa nyingine, zikafuata. Mwaka 1984 Valentino alibuni hata sare za wanamichezo wa Italia kwa Olimpiki ya Los Angeles. Mwaka 1989 alta moda yenyewe ilianza kuonyeshwa Paris, ingawa iliendelea kushonwa Roma. Tangu hapo jina moja limebeba vitu vya daraja tofauti kabisa, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea: gauni la Roma, koti la dukani na chupa ya manukato vina jina moja lakini havikupita mikono ileile.

Kuhusu hisa nitapita haraka, maana mkondo wake ni rahisi. Mwaka 1998 Valentino na Giammetti, wakiwa wamekwisha kuzeeka katika kazi na bila mrithi, waliiuza kampuni kwa HdP, kampuni ya uwekezaji ya Italia iliyomiliki pia magazeti, kwa takriban dola milioni 300. HdP haikujua la kufanya nayo. Mwaka 2002 iliiuza kwa bei ya chini kwa Marzotto, kampuni kongwe ya vitambaa vya sufu kutoka Veneto, ambayo angalau ilikuwa inajua kitambaa ni nini. Mwaka 2007 mfuko wa uwekezaji wa Permira wenye makao London ulilinunua kundi zima la kampuni lililokuwa na Valentino, pamoja na hisa za Hugo Boss, kampuni ya mavazi ya Ujerumani, zilizokuwa ndani yake, na mwaka uliofuata msukosuko wa fedha ukaikumba dunia. Mwaka 2012 Mayhoola, kampuni ya uwekezaji ya Qatar inayohusishwa na familia ya mtawala wa nchi hiyo, ikainunua Valentino kwa kiasi cha euro milioni 700. Mwaka 2023 Mayhoola iliiuzia Kering ya Ufaransa, wamiliki wa Gucci, asilimia 30 kwa euro bilioni 1.7, na mkataba ukaipa Kering hiari ya kuja kununua sehemu iliyobaki. Linganisha bei hizo mbili utaona kwamba Waqatari hawakununua hasara.

Mwanzilishi mwenyewe alibaki kazini chini ya wamiliki wapya kwa karibu miaka kumi. Julai 2007 Roma iliadhimisha miaka 45 ya kazi yake kwa maonyesho katika jumba la Ara Pacis, na Septemba mwaka huo akatangaza kustaafu. Onyesho lake la mwisho lilifanyika Paris Januari 2008, katika makumbusho ya Rodin, na mwisho wa onyesho wanamitindo wote walitoka wamevaa gauni jekundu. Nafasi yake alipewa Alessandra Facchinetti, aliyeondolewa kabla mwaka haujaisha. Baada yake walikuja Maria Grazia Chiuri na Pierpaolo Piccioli, wabunifu wawili waliokuwa wametoka Fendi mwaka 1999 kuja kubuni mikoba na viatu vya nyumba hii. Waliomteua mtu wa nje walifanya, nadhani, makosa ya wenye fedha wasiojua chumba cha kushonea kilivyo. Chiuri na Piccioli walikuwa wakipanda ngazi zilezile na washonaji kwa miaka tisa, wakijua nani anaweza nini. Viatu vyao vilivyopambwa kwa misumari midogo yenye umbo la piramidi, vilivyotoka mwaka 2010, viliingiza fedha nyingi. Na mavazi yao marefu, ya shingo iliyofunika na mikono iliyofika viganjani, yaliwavutia wanawake wanaopenda kujisitiri bila kuacha umaridadi.

Nisiwasifu kupita kiasi, kwa sababu mkusanyiko wao mmoja unatugusa sisi huku. Oktoba 2015 walionyesha Paris mavazi ya msimu wa 2016 ambayo walisema yametokana na Afrika, yenye shanga, manyoya, ngozi na mifupa, lakini wanamitindo wengi waliokuwa jukwaani walikuwa weupe, nao walisukwa nywele za mistari. Lawama zilikuwa kali. Picha za matangazo zikaja kupigwa na Steve McCurry katika hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, Wamasai wakiwa wamesimama karibu na wanamitindo hao. Ushonaji wa nguo zile ulikuwa wa hali ya juu, sina ubishi, lakini wazo lake lilikuwa la mgeni aliyelitazama bara zima kupitia dirisha la gari. Piccioli, aliyebaki peke yake Chiuri alipokwenda Dior mwaka 2016, alionyesha kuwa somo lilimwingia. Katika alta moda ya Januari 2019 wanamitindo wengi walikuwa wanawake weusi, waliovishwa magauni mapana ya hariri bila kisingizio cha "Afrika", na Naomi Campbell akafunga onyesho. Adut Akech, msichana wa Sudan Kusini aliyeishi utotoni katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, alikuwa miongoni mwa waliovaa mavazi ya Piccioli mara kwa mara. Ni Piccioli huyohuyo aliyewahi kutoka jukwaani mwisho wa onyesho akiongozana na washonaji wa Roma katika makoti yao meupe, jambo ambalo mwanzilishi, kwa tabia yake ya kifalme, sidhani angelifikiria.

Piccioli aliondoka mwaka 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Alessandro Michele, Mroma aliyekuwa ameibadilisha sura ya Gucci kwa miaka saba. Yeye ameanzia kwenye ghala la kumbukumbu, akichomoa marinda, mafundo na madoadoa ya miaka ya 1970 na 1980 na kuyarundika pamoja kwa wingi ambao Valentino Garavani, aliyependa mstari safi, asingeuruhusu. Lakini kuhusu uhusiano uliouliza, jibu langu ni hili: ikiwa ni gauni la alta moda, limekatwa na kushonwa Roma, katika Piazza Mignanelli, eneo lilelile la Piazza di Spagna, na watu waliofundishwa na mafundi ambao nao walifundishwa na wale waliomshonea yeye. Mchoro ni wa mtu mwingine na faida inakwenda Doha na Paris, ila mshono una nasaba. Ikiwa ni nguo ya dukani, uhusiano upo katika mtindo na usimamizi, na hauzidi hapo.

Tumalizie na mikoba yako. Mario Valentino alikuwa mtu mwingine, wa Napoli, aliyeanzisha kampuni yake ya viatu na bidhaa za ngozi mwaka 1952, miaka kadhaa kabla ya yule wa Roma kufungua mlango. Majina kugongana kulileta mgogoro, na mwaka 1979 kampuni hizo mbili zilitia saini makubaliano ya namna kila moja itakavyotumia jina. Ugomvi haukwisha, mwaka 2019 watu wa Roma waliwashtaki wa Napoli katika mahakama ya California. Bidhaa za ngozi za nyumba tuliyoizungumzia huandikwa "Valentino Garavani", na ukikuta jina la Mario kwenye mkoba ujue ni wa kampuni ile nyingine. Mkoba huo si bandia, una mwenyewe na unauzwa kihalali kwa bei yake. Anayekuuzia kwa bei ya Garavani, akikuapia kwamba umetoka Roma, huyo ndiye wa kumkimbia.